Chumvi ya Ghana, Njia ya Mumosho

Katika somo langu hapakuwa na ngamia. Nilikuwa nimewachora ubaoni kwa chaki nyeupe, na nilikuwa nimewaeleza watoto wa darasa la tano kwamba katika dola ya kale ya Ghana, ambayo haikuwa mahali ilipo nchi inayoitwa Ghana leo, chumvi ilitoka jangwani kwa mabamba mazito kama mawe ya kaburi, na kwamba ngamia ndio walioileta hadi kwenye masoko. Kisha nikawaambia waigize. Wale waliopewa kazi ya ungamia walitazamana kidogo, wakavua mikanda ya suruali na vitambaa vya kichwani, wakavipitisha kwenye paji la uso, wakafungia mikoba yao mgongoni, wakainama na kuanza kupanda uwanja wa shule, mikono imeshika mkanda karibu na masikio, macho yakitazama chini.

"Ngamia habebi kwa paji la uso," nikasema.

"Sasa anabebaka namna gani, madame?"

"Mzigo unakaa kwenye nundu."

Wakashauriana. Aliyejibu kwa niaba yao alikuwa msichana mwembamba wa dawati la mbele, mwenye mazoea ya kuuliza swali huku akifunga kamba za viatu vyake ili asionekane ana haraka ya jibu. "Nundu iko mugongo, madame. Kama hakuna mukanda ya mugozi ku kichwa, mzigo si itaanguka?"

Hakuna hata mmoja katika darasa lile aliyewahi kumwona ngamia. Wote walikuwa wamemwona mama, shangazi au jirani akipanda mteremko wa mtaa wetu wa Kadutu na gunia la unga, ukanda wa mzigo umezama kwenye paji la uso. Sikuwasahihisha tena. Kwa kweli nilifurahi, na jioni ile nilimweleza dada yangu kwa kirefu kuhusu watoto waliotafsiri jangwa kwa miili ya mama zao, mpaka akaniuliza kama nimekula.

Ni lazima niseme nilikuwa nani wakati huo, kwa sababu furaha ile haiwezi kueleweka bila hali hiyo. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu asiye na chuo. Utafiti wangu ulihusu masoko ya dola za kale za Afrika ya Magharibi: watu walikula nini, waliuza nini, nani aliwatoza. Mji ulipobadilisha wenye kuutawala, masomo yalisimama, yakaanza tena bila walimu, yakasimama tena. Profesa aliyenisimamia alivuka mpaka, na ujumbe wangu wa mwisho kwake bado una alama moja tu ya kutumwa. Tangu siku zile za milio ya risasi, mlango ukigongwa na upepo huwa natafuta sakafu kabla ya kufikiri. Kwa hiyo shule moja ya msingi iliponiomba nichukue darasa la mwalimu aliyeondoka, nilikubali, na nikajiambia kwamba kufundisha maisha ya kila siku ya dola iliyokufa zamani ni kazi isiyoweza kumdhuru mtu. Niliipima sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kuiamini.

Sikutaka wafalme. Vitabu vya shule vimejaa wafalme. Nilitaka watoto wajue nani alitwanga mtama, nani alichota maji, nani aliamua bei ya kitambaa. Niliwaambia kwamba vipande vya dhahabu vilikuwa mali ya mfalme, na watu waliachiwa vumbi lake. Mvulana mmoja mwenye mdomo mwepesi akasema, "Tonton yangu, mudogo wa papa, anachimbaka dhahabu ku carrière. Yeye pia anabakiaka na vumbi, lakini ku mapafu." Darasa likacheka, nami nikacheka. Niliwaambia pia kwamba kila mzigo wa chumvi ulilipiwa ushuru kwa mfalme ulipoingia, na ulilipiwa mkubwa zaidi ulipotoka.

Hapo ndipo kamba ilipoingia. Sikuileta mimi. Siku iliyofuata niliwakuta wamefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye nguzo ya bendera hadi kwenye mti wa parachichi, na wameining'inizia vipande vya mifuko ya plastiki ili ionekane kwa mbali. Yule mvulana wa vumbi alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la baba yake na miwani isiyo na kioo kimoja.

"Hii ni nini?"

"Barieri ya mufalme, madame. Bila barieri watalipa kwa nini?"

Ilikuwa hoja nzuri. Nilijaribu kuipinga kwa vyanzo, nikaona sina. Ushuru ulitozwa, lakini kama ulitozwa kwa kamba au kwa rungu, waliosafiri kule hawakuandika. Nikaiacha kamba. Baada ya hapo tatizo langu la kila siku likawa kwamba hakuna aliyetaka kuwa ngamia, wala mtwanga mtama, wala mfalme mwenyewe. Wote walitaka kukaa kwenye kile kiti.

Isipokuwa msichana wa dawati la mbele. Yeye alibeba chumvi kila mara, tena aliomba. Na siku moja, alipofika kwenye kamba, alisimama, akaitazama, akageuka. Alishuka nyuma ya vyoo, akapita kati ya ukuta na shimo la takataka kwa ubavu, akatokea upande wa pili nyuma ya kiti cha mtoza ushuru, ambaye bado alikuwa anatazama mbele kwa ukali wote wa koti lile. Uwanja mzima ulipiga makofi.

Nilimwita, nikamuuliza alichofanya. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Vyoo vilikuwa kisima. Shimo la takataka lilikuwa tanuri la matofali lililoachwa. Mti wa parachichi ulikuwa mikaratusi ya juu ya mto, na baada ya hapo ni kushuka tu hadi soko la Mumosho. "Mvua ikinyesha hapa ku kisima kuko tope mingi," akasema. "Unavua viatu. Lakini hakuna mutu anakuomba kitu."

"Nani amekuonyesha?"

"Maman anapitaka pale na chumvi."

Nilifanya kile ambacho mtu wa taaluma yangu hufanya. Nililirudisha jambo lile darasani kama hazina. Niliwaambia watoto kwamba inawezekana kabisa watu wa kawaida wa Ghana nao walizunguka, kwamba palipo na ushuru huwa pana njia ya pembeni, na kwamba historia ya njia za pembeni haijaandikwa kwa sababu waliozipita hawakutaka iandikwe. Nilisema maneno haya nikiwa nimesimama kando ya dirisha lililo wazi. Darasa liliyapenda. Kuanzia hapo kila igizo lilikuwa na mzunguko wake, na kila mtoto alijua: kisima, tanuri, mikaratusi.

Mama yake alikuja wiki hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, na kwenye paji la uso alikuwa na alama ile ya mkanda, laini na yenye kung'aa. Hakuketi.

"Madame, ni weye unamufundisha mutoto wangu njia, ao ni yeye anakufundisha?"

Nikaanza kumweleza kuhusu Ghana. Alinisikiliza kwa subira ambayo nimewahi kuiona tu kwa watu wanaosubiri mvua ipungue.

"Sikatai," akasema. "Wale walishakufa, hakuna mutu atawakamata. Mimi niko muzima. Nikipita ku barieri ya barabara na chumvi, nikifika Mumosho ile chumvi iko yao, haiko yangu. Ile kanjia njo inalisha huyu na wadogo wake. Njo inamulipia hii masomo. Wakifunga kamba pale, nitapita wapi? Ndani ya mto?"

Nikamwahidi kwamba njia hiyo haitaigizwa tena. Alinishukuru, akaongeza kwamba binti yake ananipenda, akaondoka. Nilibaki nikiipima ahadi yangu na kuiona inatosha. Ilikuwa na kasoro moja tu: iligusa tu yale yaliyokuwa mikononi mwangu, na mengi hayakuwa.

Siku chache kabla ya proklamasio, siku ile wazazi wanapokuja kusikia matokeo ya mwaka na watoto wanaimba na kuigiza, direkteri wa shule aliniita ofisini. Ni mtu mpole, aliyechoka, anayesaini kila karatasi kama anaomba radhi.

"Madame, ile yenu ya chumvi tutaiweka ku proklamasio. Iko bien. Wazazi watacheka."

"Tungeweza kuonyesha upishi, direkteri. Mtama, na ufumaji wa vitambaa."

"Mtama." Alilitafuna neno lile. "Na kamba?"

"Bila kamba."

"Ukiondoa kamba inabakia nini? Watoto wanatwanga. Hata nyumbani wanatwanga." Kisha akashusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Nimemwalika mukubwa mupya wa kartie."

Mkubwa mpya wa mtaa ndiye aliyekuwa na vijana wa barieri ya njia ya Mumosho. Kila mtu alilijua hilo kama anavyojua duka la mkate liko wapi.

"Kwa nini umemwalika?"

"Juu nisipomwalika atajialika mwenyewe. Na akijialika atauliza kwa nini hakualikwa." Akanyoosha vidole vyake mezani. "Akiona kamba atafurahi, madame. Ataona tunaheshimu kazi yake."

Nilikaa usiku mzima na jambo lile kama mtu anayesahihisha maandishi. Kukataa kabisa kungemfanya direkteri aulize sababu, na sababu ndiyo iliyopaswa kufichwa. Kumtoa yule msichana katika igizo kungewafanya wenzake waulize kwa sauti. Kuugua siku ile kungemwachia direkteri watoto bila mimi. Mwishoni nilichagua lile lililoonekana dogo kuliko yote: igizo lote kama lilivyo, isipokuwa mzunguko. Nililiambia darasa kwamba siku hiyo hakuna kuzunguka. Kisha nikamwita msichana peke yake.

"Utapita kwenye kamba. Utalipa, kama wengine."

Akainama kufunga kiatu. "Lakini mulisema watu wa kule nao walikuwa wanazunguka."

"Nilisema inawezekana. Sina ushahidi."

"Mimi niko nayo," akasema. Halafu akainua uso, na nikaona kwamba ameelewa kabla sijamaliza kutafuta maneno. "Ni juu ya maman."

"Ndiyo."

"Aliniambiaka nisiseme. Nilifikiri kuongea ku masomo si kusema."

Siku ya proklamasio jua lilikuwa kali, na mkubwa wa kartie alifika kwa wakati, jambo lililomvuruga direkteri kuliko silaha za vijana waliomfuata. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Aliwekewa kiti cha kitambaa katikati ya safu ya mbele. Wazazi walikaa nyuma yake kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na katikati yao nilimwona mama wa chumvi, amevaa kitenge chake cha misa.

Walitwanga mtama. Walifuma vitambaa hewani. Mfalme alipita, hakuna aliyemjali. Kisha kamba ikafungwa, mvulana akakaa kwenye kiti na koti lake, na wazazi wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, kicheko cha kuficha meno. Mkubwa naye alitabasamu. Ngamia wangu walikuja mmoja mmoja, mikanda kwenye paji la uso.

"Simama. Chumvi ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Hakuna chumvi ya mwenyewe hapa. Toa ya kamba."

Makofi. Mtoto wa pili alilia kwa uongo, wa tatu alijifanya bubu. Msichana wa dawati la mbele alikuja wa mwisho. Alitembea taratibu hadi kwenye kamba, akasimama, akafungua mkoba, akatoa kifuko chake cha chumvi, akakiweka mkononi mwa mtoza ushuru. Hakuigiza kitu. Kazi yote niliyomwomba aliifanya, na nilianza kuvuta pumzi.

Lakini yule mvulana alikuwa na uwanja mzima mkononi, na mtu akipigiwa makofi kiasi kile husahau alichoagizwa. Alikipima kifuko hewani. Alimtazama msichana juu ya miwani yake.

"Leo umelipa? Ao umeogopa tope ya kisima? Siku zote si unapitaka nyuma ya tanuri, unatutokea huku nyuma?"

Watoto walicheka kwa sauti moja, kicheko cha watu wanaojua. Wazazi hawakucheka. Sikugeuka kumtafuta mama. Nilitazama kitambaa cha kiti cha mbele, nikaona kichwa cha mkubwa kikiinama kidogo upande wa direkteri.

"Kisima gani hicho?"

"Ni teatre tu, muzee," direkteri akasema. "Watoto."

Nilisimama. Sauti yangu ilitoka safi, nami nilishangaa. Nikaeleza kwamba kisima kilichotajwa ni kile cha safari za jangwani, kwamba maji yalikuwa haba, kwamba misafara ilipangwa kwa visima, kwamba matofali ya udongo yalijengea mitaa ya mji mkuu sambamba na mawe. Nilieleza kuhusu punda. Nilieleza kwa nini neno dola ni bora kuliko neno ufalme. Nilizungumza vibaya kwa makusudi, nikirudia, nikijisahihisha, nikirefusha, na nikaona vijana wa nyuma wakianza kutazama simu zao. Mkubwa peke yake alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu madame amesoma," akamwambia direkteri.

"Amesoma sana, muzee."

"Sasa aniambie." Alinigeukia kwa adabu kamili. "Kule kwa mufalme wako, mutu mwenye kuzunguka kamba, alikuwa anafanyiwa nini?"

Nimelirudia jibu langu mara nyingi kuliko sentensi yoyote niliyoandika. Ningeweza kusema walisamehewa. Ningeweza kubuni faini, methali ya mfalme mwema, chochote. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefundishwa miaka mingi, na ulisema kweli.

"Vyanzo havisemi, mheshimiwa."

Akalifikiria. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza, kicheko cha joto kabisa.

"Havisemi juu hakuna mutu alizunguka."

Direkteri alianza kupiga makofi. Wazazi wakafuata. Mama wa chumvi naye alipiga, viganja vimenyooka, kama kanisani.

Matokeo yalisomwa. Msichana alikuwa wa kwanza darasani.

Wakati wa likizo nilishuka hadi kisimani. Sikuwa nimewahi kufika. Nilikuwa ninaijua njia ile kwa vyoo na shimo la takataka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata tope. Juu, kati ya mikaratusi miwili, palikuwa na kamba mpya yenye vipande vya mifuko ya plastiki, na kijana amekaa kwenye kiti, akila hindi la kuchoma. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema ninatembea tu. Akasema hata kutembea kunalipiwa, halafu akacheka ili nijue kwamba ametania, halafu akanyoosha mkono.

Sijui kama kamba ile ilizaliwa uwanjani kwetu. Inawezekana walikuwa wameiona njia tangu zamani. Wanawake wengi waliipita, na tope huhifadhi nyayo. Inawezekana mkubwa alisahau swali lake kabla hajafika nyumbani. Nimepanga hoja za pande zote mbili kama nilivyofundishwa, na kila nikizipanga hupata kwamba ushahidi hautoshi, na hakuna kinachonichukiza leo kama maneno hayo mawili.

Nilikutana na mama yake karibu na soko la Kadutu. Alikuwa chini ya gunia la saruji la mtu mwingine, mwenye gunia akitembea nyuma yake na mwavuli. Alisimama kunisalimu, jambo ambalo hakupaswa kulifanya na mzigo ule.

"Madame. Bado unafundisha?"

"Bado. Nitapanda nao darasa la sita."

"Mumosho siendake tena," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akausogeza mkanda kidogo kwenye paji la uso. "Uwafundishe calcul, hesabu tu, madame. Calcul haisemake mambo ya mutu."

Mwenye gunia akakohoa, naye akaendelea kupanda.

Mwaka mpya wa masomo nilianza na wafalme. Majina yao, mfuatano wao, mbwa wao wenye kengele za dhahabu shingoni. Direkteri alipita dirishani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakati wa mapumziko kamba ilifungwa tena uwanjani, bila ngamia safari hii, kwa sababu hakuna aliyebaki kuwa tayari kubeba. Walikaa tu wakingoja zamu, wakikitamani kiti.

Lakini mazoea ni kitu kibaya kwa mwalimu. Asubuhi moja, nikiwa nimemaliza kuandika jina la mfalme, niligeuka na kuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga: "Na watu wa kawaida, siku ya soko, waliishije?"

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Hakuinama kufunga kiatu. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama tunavyowafundisha kujibu mbele ya mgeni.

"Vyanzo havisemi, madame."

Akaketi, akachukua kalamu, na kunakili jina la mfalme kwa mwandiko mzuri.